Firigisi ya Baba Mkubwa Osborn

Kwa Katekista Fabiano,
Kisoko,
S.L.P. 37,
Tororo, Uganda.

Jumatatu, 16 Agosti 1965

Mpendwa wifi yangu Mildred,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Kisoko. Hujambo wewe, na Bwana Rasto hajambo na kazi yake ya reli? Sikio la Chrispinus limepona? Mara ya mwisho uliandika kwamba linatoa usaha na hospitali ya huko Mombasa wamempa dawa ya matone. Natumaini sasa analala usiku kucha, nawe unalala.

Sisi hatujambo. Mangeni ametoa meno mawili ya chini na ananiuma ninaponyonyesha, kisha ananitazama kuona nitafanya nini. Mvua ilichelewa lakini imekuja, na mtama wa baba yangu umesimama vizuri. Mwili wangu ni mzima. Moyo sikudanganyi, una hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Barua yako ya tarehe 29 Julai nimeipata. Nimeisoma mara tatu. Unaniambia nivuke mpaka niende Funyula, nimpigie magoti Baba Mkubwa Osborn, niombe radhi ili mambo yaishe. Tena unaniuliza ni uchafu gani niliowalisha watu siku ya ubatizo wa mwanangu mwenyewe. Uchafu, Mildred. Neno hilo umeliandika kwa wino.

Najua umelitoa wapi. Mama Mkubwa Metrine amekuandikia, au ameandikiwa na mtu, maana huyo habari haimlali tumboni. Sasa nisikilize na mimi, kisha uamue kama nipige magoti.

Unakumbuka kuku wa Mama, mama yenu. Mwezi wa sita ule ugonjwa wa kuku ulipita Lumino, hapo kwenu, nyumba kwa nyumba. Mama alikuwa na kuku ishirini na watatu. Kwa siku tisa tulikuwa tukichimba mashimo na kuzika. Akabaki jogoo mmoja mwekundu, aliyekuwa analala juu ya paa la jiko mbali na wenzake. Mama akasema huyo ni wa ubatizo wa Mangeni, kwa sababu mtoto amepewa jina la marehemu baba yenu, na siku ya jina hilo haiwezi kupita na dagaa.

Baba Mkubwa alituma habari kwamba atavuka mpaka yeye na mkewe Metrine tu. Tukajipanga hivyo. Jumapili ile ya tarehe 18 Julai tunatoka kanisani na mtoto, mafuta ya padre bado yako kwenye paji lake, tunakuta baiskeli zimeegemezwa ukutani mpaka mlangoni. Alikuja na wazee wa ukoo na wake zao. Tukiongeza sisi wenyewe, tulikuwa watu kumi na saba. Na Lumino unavyoijua, ng'ombe anachinjwa siku ya soko tu. Jumapili huwezi kupata hata mfupa.

Jogoo mmoja, watu kumi na saba. Ungefanyaje, wifi?

Nilikuwa nimesimama jikoni nikimtazama yule jogoo aliyenyonyolewa, mdogo kuliko alivyokuwa na manyoya yake, ndipo kaka yako Wandera akaja mlangoni amembeba mtoto. Shika maneno haya, kwa sababu kesi yote iko hapa. Akaniambia, "Pika kile cha Wamarekani. Kile kinaenea."

Chakula chenyewe ni hiki. Unajua kwamba kabla sijaolewa nilipika miaka mitatu kwa mwalimu mmoja Mmarekani na mkewe, katika nyumba za shule nje ya Tororo. Yule Madamu alitoka Teksasi, ambako ng'ambo ya mto ni nchi ya Meksiko. Alikuwa akiniambia kwamba watu wa kwao wanavuka kila siku kuuza na kununua, na mwishowe kila upande unapika chakula cha mwenzake, na mimi nikamwambia hiyo ni Busia yetu ya mpakani. Chakula hiki alikiita chakula rahisi, cha siku ambayo wageni ni wengi na nyama ni kidogo.

Kwa kuwa umekiita uchafu, nakuandikia kilivyo, ujipikie mwenyewe uone. Unakanda unga wa mahindi na maji ya moto na chumvi, unatengeneza chapati nyembamba, unazikausha juu ya kikaango bila mafuta. Kuku unamchemsha, unamnyambua mpaka mifupa ibaki mitupu, kisha unamkaanga na kitunguu, nyanya nyingi, pilipili na jira ya dukani kwa Mhindi. Nyama ya ndani, yaani maini, moyo na firigisi, unaikatakata ndogo kabisa, kwa sababu ladha ya mchuzi iko humo. Maharage unayaponda. Sasa unachukua sufuria pana, unaipaka samli, unapanga chapati chini, juu yake maharage, juu yake kuku, tena chapati, tena maharage, tena kuku, mpaka juu. Madamu alikuwa anamalizia na jibini. Mimi sina jibini, nilimwaga maziwa mazito ya mgando. Unafunika na bati, unaweka makaa chini kidogo na juu mengi, na baada ya nusu saa unakata vipande kama keki. Kila kipande kina kila kitu. Hakuna paja, hakuna kifua, hakuna shingo.

Jina lake ndilo lililoniponza baadaye. Madamu alikiita tako. Nisamehe kuandika neno hilo, kwao halina ubaya. Wandera alipokuwa fundi wa madawati pale shuleni na ananichumbia, alikila nyuma ya jiko la Madamu sahani mbili, na jina likamchekesha wiki nzima. Kwa hiyo usije ukaambiwa kwamba hakukijua.

Sasa habari ya wanawake na kuku. Najua mwiko wenu Wasamia, kwamba mwanamke hali kuku, na sisi Wapadhola tulikuwa nao pia. Baba yangu aliuondoa nyumbani kwetu Krismasi moja nikiwa msichana; alimpa mama yangu paja mbele ya ndugu zake na hakuna aliyekufa. Lakini Lumino si kwetu, na mimi sikwenda kubadilisha watu. Kwa hiyo niliwaambia. Jikoni tulikuwa wanawake saba, nikasema kwa sauti, na kwa Kiswahili ili wote tuelewane, kwamba kuku yumo ndani na hawezi kutenganishwa, na kwamba asiyetaka nimemchemshia maharage na kisamvu pembeni. Wanne walichukua kisamvu. Nikawapakulia kwa heshima.

Mama mkwe alinisogelea akaniuliza tena polepole, hii ni nyama gani. Nikamjibu, Mama, ni yule jogoo wako. Akasimama kidogo. Kisha akanyoosha sahani.

Na Mama Mkubwa Metrine, huyo anayekuandikia barua, alinivuta mkono akaniambia nimpe kipande cha chini, chenye maharage juu, ili akipita mtu asione. Nikampa. Akala mpaka akapangusa sahani na kidole.

Wanaume walikula sebuleni. Baba Mkubwa Osborn alikula vipande vitatu. Mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea, nilihesabu. Alikisifu mbele ya wazee, akasema Wandera ameoa jiko. Kisha akanawa mikono, akaegemea kiti, akasema sasa aletewe firigisi yake, fungu la mkubwa wa ukoo.

Nikamweleza kwa adabu kwamba ameshaila, sote tumeila, imesagika na nyama yote.

Akaniuliza ni akina nani hao sote. Nikaanza kukusanya sahani. Akaniuliza chakula hiki kinaitwaje. Wifi, ningesema nini? Nimtamkie baba mkwe wangu neno lile, mbele ya wazee wa ukoo, siku ya ubatizo? Nikamwambia jina lake halitamkiki mbele yake. Basi akainuka. Akasema chakula kisichotajika jina kina jambo ndani yake, na mwanamke anayesaga firigisi ya mwenye mji na kuwagawia wanawake anataka kuusaga mji wenyewe. Akapita mpaka jikoni kuuliza nani amekula kuku. Mama Mkubwa Metrine alikuwa wa kwanza kutema mate chini na kulia kwamba amedanganywa. Wale waliokula kisamvu wakatoka nje kuchota maji. Mama mkwe alikuwa ameinamia sufuria anaisugua, hakuinua kichwa.

Na kaka yako? Wandera alikuwa amekaa pale pale sebuleni anampangusa mtoto mdomo. Mdomo wa mtoto haukuwa na kitu. Aliupangusa mpaka Mangeni akaanza kulia.

Nilimtazama. Nilimpa nafasi ya kusema maneno matatu tu, mimi ndiye niliyemwambia. Hakuyasema. Baba Mkubwa akaamua kwamba asubuhi nirudi kwetu Kisoko nikafundishwe adabu, na nitaitwa nitakapokuwa tayari kuomba radhi. Wandera ndiye aliyenifungia mizigo kwenye baiskeli. Alinisindikiza mpaka basi la Busia, akanipa ndizi za njiani. Ndizi, Mildred.

Nilipofika, baba yangu aliniuliza jambo moja tu, kama nilimficha mtu yeyote. Nikasema hapana, niliwaambia wote. Akasema, basi kaa. Mama yangu akanitandikia kitanda.

Wiki iliyofuata Wandera alikuja peke yake, na ujumbe ule ule ulioniandikia wewe, magoti na radhi. Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba ni yeye aliyetaka chakula kile. Akanijibu kwamba angesema nini, yule ni baba, na tangu marehemu afariki ndiye amewasimamia. Akasema mwanamke akilaumiwa huwa inapita, lakini yeye akilaumiwa ni mambo ya ardhi, ambayo mzee ndiye mwenye kauli juu yake. Nilimwambia arudi na baiskeli yake. Sikumpa hata maji, na hilo tu ndilo ninaloweza kuliombea radhi.

Jumamosi ya tarehe 7 Agosti wakaja wote, Baba Mkubwa, Mama Mkubwa Metrine, Wandera na Mama mkwe. Walikaa chini ya upenu wetu, baba yangu akasali, kisha Baba Mkubwa akasema kesi yake. Aliisema vizuri, anajua kusema. Alieleza kwamba nimewalisha wanawake kuku kwa hila, kwamba wake wa ukoo wameingizwa katika aibu bila kujua, na kwamba hataki mali wala mbuzi, anataka magoti yangu tu. Mama Mkubwa Metrine akaongeza kwamba tangu siku ile tumbo lake halijatulia.

Baba yangu akanigeukia nijibu. Kabla sijafungua mdomo, Mama mkwe akasimama.

Wifi, unamjua mama yako. Miaka niliyokaa kwake sijamsikia akisema neno mbele ya Baba Mkubwa zaidi ya ndiyo. Na kwa kuwa wazazi wangu hawasikii Kisamia, alisema kwa Kiswahili kile chake cha soko la Busia anakouzia samaki. Nakuandikia kama alivyosema, sitengenezi.

Alisema, "Mimi nauliza yeye jikoni, hii nyama gani? Yeye naambia mimi, Mama, ni jogoo yako. Hapana danganya. Mimi nakula. Hapana mtu nalazimisha mimi. Kuku mimi nafuga miaka arobaini, nachinja, napika, napeleka kwa meza, mimi hapana jua ladha yake. Siku ile najua. Nakula, naongeza."

Baba Mkubwa akamuuliza, taratibu kabisa, kwa nini hakusema siku ile.

Akajibu, "Siku ile naogopa wewe. Hata leo naogopa. Lakini huyu mtoto nalala nje ya nyumba yake siku ishirini kwa sababu ya uoga yangu." Kisha akamgeukia Mama Mkubwa Metrine, akamwambia, "Na wewe naomba kipande ya chini."

Mama Mkubwa Metrine alikohoa akaomba maji. Baba Mkubwa alishika kofia yake akaizungusha mara mbili, tatu, kisha akasema basi, kama ni hivyo, mambo yameisha, Benedeta afunge mizigo twende.

Sasa hapo ndipo hasira yangu ilipozidi kuliko siku ya kwanza. Mambo yameisha kwa nani? Nimefukuzwa na mtoto wa miezi sita, nimeitwa mchawi kwa adabu, jina langu limefika mpaka Mombasa, na yanaisha kwa kuvaa kofia? Nikasimama nikasema mbele ya wote kwamba sifungi mizigo mpaka mwenye chakula ajitaje. Sikumtaja Wandera. Nilimtazama tu. Akasema tutaongea nyumbani.

Nikaketi chini. Na Mama mkwe, Mildred, akaketi kando yangu. Baba Mkubwa akamwita mara mbili waondoke, basi litawaacha. Akasema yeye anabaki na mjukuu wake. Wakamsubiri, akavua viatu. Mwishowe waliondoka bila yeye.

Mama yako amekaa hapa Kisoko siku tisa sasa. Mama mkwe kulala kwa wazazi wa mke wa mwanawe, jambo hilo hata huku hatujaliona, na majirani wamekuwa wakipita mlangoni kwa visingizio vya kuomba moto. Anabambua karanga na mama yangu. Kiswahili chao wote wawili ni cha kubahatisha lakini wanacheka. Huko Lumino Wandera alikuwa anakula chapati za dukani asubuhi na jioni.

Juzi Jumamosi akarudi. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, alitoka Funyula kwa baiskeli moja kwa moja mpaka hapa. Hakuomba kukaa. Alisimama uani mbele ya baba yangu na mama zetu wawili, akasema kwamba Ijumaa alimwendea Baba Mkubwa nyumbani kwake, akamwambia chakula kile alikitaka yeye, jina lake alilijua, na mkewe alifukuzwa kwa kosa lisilo lake huku yeye akiangalia. Nilitaka kumhurumia lakini sikumhurumia yote.

Nikamuuliza Baba Mkubwa alijibu nini. Wandera akasema mzee aliuliza kuhusu mvua, kisha alipokuwa anamsindikiza mpaka barabarani akasema kwamba safari ijayo akija Lumino wamtengee firigisi yake pembeni.

Hiyo ndiyo radhi niliyopata, wifi. Nimeipima na nimeona ni ndogo, lakini kwa mzee yule ndiyo kubwa aliyonayo. Nimemtuma Wandera amjibu hivi: akija na jogoo wake mwenyewe, firigisi nitamtengea na nitampelekea kwa magoti yote mawili. Akija na watu kumi na wawili kula jogoo mmoja wa Mama, atakula kipande kama mtu mwingine yeyote. Wandera aliyarudia maneno hayo mpaka akayashika.

Kesho asubuhi tunarudi Lumino, mimi, Mangeni na Mama. Wewe usiniandikie tena habari ya kupiga magoti. Ukitaka kuandika, mwandikie kaka yako, umwambie kwamba mke si gunia la kupokea lawama za ardhi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Mama amekaa hapa mkekani karibu nami tangu nianze, na sasa amenishika mkono wa kalamu. Anataka niandike maneno yake kwako kwa kuwa yeye hajui kuandika, na ameyasema kwa Kisamia, polepole, ili niyaelewe. Anasema ulipokuwa na miaka saba ulikula yai la kuku nyuma ya ghala, naye akakuchapa na fimbo ya mlonge mpaka ukashindwa kukaa. Alikuambia siku ile kwamba msichana anayekula yai hatazaa. Anasema hakuwa anaamini. Alikuwa ameona Baba Mkubwa anakuja njiani, akaogopa akikukuta hujachapwa. Anasema tangu wakati huo kila akiokota yai anakumbuka mgongo wako, na hakuwahi kujua aseme nini. Nimemuuliza kama niandike kwamba anaomba radhi. Amesema, andika kwamba alikuwa mtamu yule kuku.

Msalimie Bwana Rasto na watoto wote. Baba yangu Fabiano na mama yangu wanakusalimu, na Mangeni anakusalimu kwa meno yake mawili. Mungu awalinde huko mbali, alitulize sikio la mtoto, na akulete Lumino Desemba ukiwa na njaa.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata katika hasira hii,

Benedeta Athieno